Lishe ya epo inaanzia shambani: hotuba kwa wakulima wa matunda, Njombe

Hii ni hotuba niliyotoa kwa wakulima wa matunda huku Njombe. Wengi walikosa kuja wakaomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoongea, sijainyoosha sana.

Kamwene! Wazee wangu na mama zangu shikamooni, vijana habari za saa hizi, karibuni tukae.

Naanza moja kwa moja na swali ambalo naulizwa mashambani kwenu na hata pale sokoni, kwamba hivi epo letu la hapa lina vitamini kama lile la Afrika Kusini linalokuja kwenye boksi na kistika chake? Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu mwenyewe, kuna wanaosema la kwetu ndo zuri maana halijakaa kwenye meli, na kuna wanaosema la kwetu dogo, lina uchachu, halina kitu. Mi nawaambia wote kwamba msiangalie nchi, angalieni shamba. Chukua maepo 2 ya mti mmoja, yamechumwa siku moja, moja lilikaa nje kwenye jua na lingine lilijificha ndani kwenye matawi, hayo tayari lishe yake haifanani. Sasa kama tofauti ipo ndani ya mti mmoja, ya nchi na nchi tutaijadili vipi bila kwanza kujua mti umekuaje?

Ila kabla ya hapo tukubaliane epo lina nini ndani, maana kuna uongo mwingi unazunguka. Gramu 100 za epo, na ganda lake, ni maji kama gramu 85 hivi. Sukari ni kama gramu 10, nyingi ikiwa ni fruktosi. Nyuzinyuzi gramu 2 na kidogo. Potasiamu miligramu 100 na kidogo. Vitamini C haifiki hata miligramu 5! Pera gramu hizohizo 100 lina zaidi ya miligramu 200. Kwa hiyo mtu anayekuuzia epo kwa sababu ya vitamini C anakudanganya, na wewe mkulima usimdanganye mteja hivyo, mteja akitaka vitamini C mpe pera, mpe chungwa, mpe papai, vyote tunavyo.

Sasa uzuri wa epo uko wapi? Uko kwenye nyuzinyuzi, hasa ile inaitwa pektini, na uko kwenye kundi la kemikali zinaitwa polifenoli. Hizi ndo zinaleta ule ukakasi kidogo mdomoni, ndo zinafanya epo likikatwa liwe kahawia, na baadhi yake ndo hiyo rangi nyekundu ya ganda. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walipima nguvu ya epo ya kuzuia oksidesheni, yaani ule uchakavu wa seli unaoletwa na oksijeni, wakakuta vitamini C yenyewe inachangia chini ya asilimia 1 ya nguvu hiyo, iliyobaki karibu yote ni hizo polifenoli na ndugu zake. Hiyo ilikuwa maabara, kwenye vichupa, mwili wa binadamu hauchukui kila kitu unachokula, kwa hiyo nisije nikasikia kesho mtu anatangaza epo linatibu hiki na kile. Lakini ukitaka kujua epo lipi limekua vizuri na lipi limekua ovyo, polifenoli ndo mahali pa kuangalia, maana sukari haibadiliki sana kama zinavyobadilika hizi. Na nyingi ziko kwenye ganda na pale chini ya ganda tu. Kuna aina moja inaitwa kwesetini, hiyo karibu yote ni ganda. Ukimenya umeitupa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndo penyewe. Mti wa epo hautengenezi polifenoli kwa ajili yetu. Unazitengeneza kujilinda. Jua kali lisiunguze seli, ukungu usiingie, mdudu akionja akute ukakasi aachane nalo. Kwa hiyo mti ukipata mazingira yanayoudai ujilinde kidogo, unatengeneza nyingi. Mti ukikaa kivulini, unalishwa naitrojeni kila mara, unanyweshwa mpaka basi, hauna sababu ya kutengeneza, nguvu yote unapeleka kwenye majani na maji. Mambo mengi nitakayosema leo yanatoka hapohapo.

Tuanze na mwanga. Ile rangi nyekundu inaitwa anthosayanini, na haiji bila mwanga. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walionyesha kuna jeni kwenye ganda la epo ambayo mwanga ukiligonga tunda inaamka na kuamrisha rangi itengenezwe, mwanga usipofika inalala. Wajapani walikuwa wanaijua tabia hii kwa macho tu miaka mingi kabla hata ya kujua hiyo jeni. Kule Aomori, kaskazini kabisa mwa Japani, wakulima wa epo aina ya Fuji wana kawaida ya kuvalisha kila tunda kimfuko cha karatasi likiwa bado dogo, moja moja, kwa mkono, mti mzima. Tunda linakulia gizani, ganda linabaki jeupe laini, halafu wiki kadhaa kabla ya kuvuna wanavua mifuko na ganda linashika wekundu wa haraka, unang'aa, sokoni linapendeza kweli. Lakini wakulima haohao wana lingine wanaliita Sun Fuji, ni Fuji ileile ila haijavalishwa mfuko, imekaa juani tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa sura haina ule usafi, lakini kwa utamu ndo inasifiwa, na walaji wengi kule wanaitafuta hiyo. Vipimo vya ganda navyo vinaonyesha tunda lililokulia ndani ya mfuko linakuwa na kwesetini na wenzake kidogo kuliko lililokaa wazi. Mnaona hapo, uzuri wa macho na lishe wakati mwingine havitembei pamoja, na mkulima ndo anachagua.

Sasa nirudi kwetu. Nimepita kwenye mashamba mengi ya hapa, miti imeachwa inaota kama kichaka, katikati huoni hata anga. Mtu anasema akipogoa atapunguza matunda. Kaka yangu, dada yangu, yale matunda ya ndani kabisa ambayo hayaoni jua si matunda ya kujivunia, ni ya kijani yaliyopauka, sukari kidogo, rangi hakuna, polifenoli kidogo. Pogoa katikati pawe wazi, mti ukae kama mikono iliyonyooshwa pembeni, jua la asubuhi na la mchana lipite mpaka ndani. Na kupogoa kwa majira ya kiangazi peke yake hakutoshi, wakati matunda yanakua yakague tena, yale machipukizi marefu yanayoenda juu wima yang'oe yakiwa bado laini, yanaiba mwanga na yanaiba kalsiamu, nitaisema baadaye. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kufanya mwaka huu ambacho hakikugharimu pesa ya dawa wala mbolea nitakwambia msumeno mzuri na mkasi mkali, basi.

Ila jua nalo lina mpaka wake. Uso wa tunda lililokaa juani unaweza kuwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi 10 au zaidi, na ganda likifika kwenye nyuzi 46 kwenda juu linaanza kuungua, unaona baka la njano au kahawia upande wa jua. Hili linawatesa sana wenzetu wa maeneo ya joto kavu, jimbo la Washington kule Marekani na hata Afrika Kusini, mpaka wanapulizia udongo mweupe wa kaolini kwenye matunda au wanatandaza neti juu ya shamba zima. Na neti ukiifanya nzito unapunguza rangi, yaani ni kupima tu. Kwa hali yetu ya hapa juu, hewa ya ubaridi, tatizo hili ni dogo, ila usifungue mti wote kwa siku moja wakati matunda yameshazoea kivuli, utayaunguza, fungua taratibu.

Baada ya mwanga ni baridi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana hapa Njombe tumepewa kitu.

Epo linahitaji baridi mara 2. Mara ya kwanza ni wakati mti umelala. Maepo mengi ya Ulaya yanataka masaa 800 mpaka 1,000 na zaidi ya baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndo yaamke vizuri na kuchanua pamoja. Sisi hatuna hiyo, ndo maana tunapanda aina zinazotosheka na baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli na Dorsett Golden iliyotokea Bahamas, hizi masaa 200 au 300 zinaridhika. Mti usipopata baridi yake unachanua kwa mafungu mafungu, tawi hili leo, tawi lile baada ya wiki 3, na matokeo yake mti mmoja una tunda limeiva, lingine nusu, lingine bado jiwe. Wewe unakuja na ndoo unachuma yote siku moja kwa sababu fuso linasubiri. Umechanganya yaliyokomaa na ambayo bado ni wanga mtupu, halafu mlaji akilipata lile la wanga anasema maepo ya Njombe hayana ladha. Anaongea kweli kuhusu lile alilokula!

Mara ya pili ni wakati tunda linakaribia kuiva. Mchana wa jua na usiku wa baridi, hapo ndo anthosayanini inajengeka. Joto likizidi nyuzi 30 ule utengenezaji unashuka na hata rangi iliyokuwepo inaweza kupungua. Usiku wa joto una ubaya mwingine pia. Ule uchachu wa epo ni asidi ya maliki, na tunda linapumua usiku na mchana, likipumua linaunguza asidi hiyo, na hewa ikiwa ya joto linaunguza haraka zaidi. Kwa hiyo epo la sehemu ya joto linakuwa na utamu uliolala, halina ule mkwaruzo, na nyama yake inalainika mapema.

Hili si la kubuni. Wajapani haohao, kikundi cha mtafiti anaitwa Toshihiko Sugiura, walifanya kazi moja naipenda sana. Walichukua kumbukumbu za mashamba ya majaribio ya Aomori na Nagano, kuanzia miaka ya 1970 mpaka 2010, shamba lilelile, aina zilezile Fuji na Tsugaru, utunzaji uleule haujabadilishwa, na kila mwaka mtu alikuwa anapima asidi, sukari, ugumu wa tunda, anaandika. Hebu fikirieni uvumilivu huo, kizazi kinaondoka kingine kinaingia daftari linaendelea. Walipotoa matokeo mwaka 2013 ilionekana wazi kwamba joto la pale lilikuwa linapanda karibu nyuzi 0.3 kila miaka 10, miti inachanua mapema zaidi, na epo limebadilika: asidi imeshuka, ugumu umeshuka, sukari imeelekea kupanda. Mtu anayekula epo kila mwaka hawezi kugundua, maana mabadiliko ni ya polepole na ulimi unazoea. Lakini epo la 2010 si lile la 1970 ingawa jina ni lilelile na udongo ni uleule.

Na kule Himachal Pradesh, India, wakulima wa bonde la Kullu waliokuwa sehemu za chini wameona baridi inapungua mpaka wengi wakahamia komamanga na matunda mengine, maepo yamepanda mlimani. Kwa hiyo nyie mliopo hapa kwenye mita 1,900 na zaidi, na ndugu zetu wa Makete waliopo juu zaidi, mna kitu ambacho wengine wanakipoteza, msikichezee. Mwinuko unatupa vitu 2 pamoja, usiku wa baridi, na mchana miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu kwa sababu hewa juu yetu ni nyembamba na ikweta haiko mbali. UV ndo mojawapo ya vitu vinavyoliamsha ganda litengeneze kwesetini na rangi. Shida yetu ni mawingu. Kama tunda lako linaiva katikati ya mvua za Januari, Februari, jua hulioni wiki nzima na majani yana ukungu, hiyo zawadi ya mwinuko huipati.

Kuna wenzetu wanaitwa watu wa Batu, Java Mashariki, Indonesia, nao wako karibu na ikweta kama sisi, hawana majira ya baridi kabisa. Wao wakishavuna wanasubiri wiki chache halafu wanapukutisha majani yote kwa mkono, mti unabaki mtupu, unachanua upya bila kungoja baridi. Wanapata mavuno 2 kwa mwaka. Mimi sivutiwi na hayo mavuno 2, mti unachoka na dawa zinakuwa nyingi. Kinachonivutia ni kwamba mkulima ndo anaamua tunda liive lini. Naomba wachache wenu mnaoweza mjaribu, miti michache tu, si shamba zima, mpukutishe kwa hesabu ili tunda liive kwenye kiangazi chetu, Mei mpaka Julai, mchana kweupe na usiku baridi, halafu mlinganishe na ya mvua kwa kuonja na kwa kupima sukari. Kile kipima sukari cha mkononi cha kuangalia kwa jicho kikundi mnaweza mkachanga mkanunua kimoja mkatumia wote. Angalieni tu umande unaoganda, ule wa Juni na Julai, maua yakikutana nao yanakufa.

Sasa mbolea, na hapa najua tutagombana kidogo.

Urea, ile mbolea ya naitrojeni. Mazoea ya mahindi tumeyaleta kwenye epo. Mahindi unataka yawe kijani kibichi, majani mapana, basi na epo unalitaka hivyohivyo. Naitrojeni ikizidi kwenye epo unapata tunda kubwa, la kijani, laini, lenye maji, rangi haiji, polifenoli zinashuka, na halikai. Hii imepimwa nchi nyingi sana na jibu linarudi lilelile. Mti unaoota machipukizi marefu kama fimbo kila mwaka umeshiba, usiuongezee, punguza. Kuna wazee hapa wanaweka samadi kila mwaka na juu yake urea na juu yake CAN, nayo ya naitrojeni, halafu wananiuliza mbona epo halina rangi. Jibu liko kwenye hiyo mifuko mitupu nyuma ya ghala.

Naitrojeni ikizidi inaharibu pia kalsiamu, ndo ile niliyosema nitairudia. Kalsiamu ndo inashikilia kuta za seli, ndo inafanya epo liwe gumu lenye kuvunjika vizuri mdomoni. Inapanda na maji kutoka kwenye mizizi, na maji yanaenda zaidi kule yanakovukizwa, yaani kwenye majani. Tunda linavukiza maji kidogo, kwa hiyo linapata kalsiamu kidogo, na nyingi inaingia mapema tunda likiwa bado dogo. Ukiwa na machipukizi mengi yenye majani machanga yanavuta yote, tunda linabaki na njaa. Halafu unaona vidoa vya kahawia vilivyobonyea, chini ya ganda kuna sponji kavu, ukionja ni chungu. Wengi mnadhani ni mdudu mnapiga dawa. Si mdudu, ni kalsiamu haijafika. Inasaidia kupulizia kloridi ya kalsiamu kwenye matunda tangu yakiwa madogo, mara kadhaa, kwa kipimo cha bwana shamba maana ikizidi inaunguza majani. Inasaidia kumwagilia bila kukatisha katisha. Na udongo wetu wa huku una tindikali sana sehemu nyingi, pima, weka chokaa ya kilimo. Potasiamu nayo ni nzuri kwa sukari na rangi ila ikizidi inagombana na kalsiamu, sasa mtu anayemwaga NPK, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila miezi bila kupima udongo anacheza bahati nasibu na tunda lake.

Na hili la ukubwa. Wanunuzi wanataka kubwa, nawaelewa mnalia bei. Ukipunguza vitunda mapema, ukaacha kimoja kimoja kwenye kila kishada, kilichobaki kinapata sukari nyingi na nyama nzito, hiyo ni nzuri na wengi hamfanyi, mnaona huruma. Lakini ukipunguza kupita kiasi unapata matunda makubwa sana, na tunda kubwa sana kalsiamu yake imetawanyika, ndo linalooza mapema na kupata vile vidoa. Na ganda je? Tunda dogo lina ganda jingi ukilinganisha na nyama yake. Kwa mlaji, maepo 2 ya wastani yana ganda jingi kuliko epo moja kubwa la uzito huohuo. Mimi nikiwa mnunuzi nachukua la wastani, gumu, jekundu mpaka karibu na kikonyo.

Maji sitakaa sana. Mti ukiumwa kiu kidogo wiki za mwisho kabla ya kuvuna, tunda linakuwa dogo kidogo lakini sukari inakolea. Kiu kidogo, si ukame. Ukiunyima maji wakati tunda bado changa umeua.

Mmeniuliza sana kuhusu kilimo hai, kwamba epo lisilotumia kemikali lina lishe zaidi. Kule bonde la Yakima, Washington, mwaka 1994 watafiti walipanda maepo aina ya Golden Delicious wakagawa shamba sehemu 3, ya kilimo hai, ya kawaida na ya mchanganyiko, matokeo yakatoka 2001. La kilimo hai lilikuwa tamu zaidi na uchachu wake ulikuwa mdogo kuliko wa mengine, na udongo wake ulikuwa na afya nzuri. Kuhusu polifenoli, tafiti nyingine zinaona kilimo hai kiko juu kidogo na nyingine hazioni tofauti. Mimi naona jambo hili linatokana na naitrojeni, shamba la mboji linaitoa polepole, mti haushibi kupita kiasi. Mkulima wa kawaida ambaye anaweka mbolea kwa kupima anaweza kufika hapohapo. Na tusisahau, aina ya epo inabeba uzito kuliko haya yote. Red Delicious na Golden Delicious ukizipanda pamoja, mkulima mmoja, mbolea moja, ganda lao halitafanana hata kidogo. Ndo maana nakasirika na watu wanaouza miche barabarani haina jina, mtu anakuuzia miaka 4 ya maisha yako na hujui umepanda nini. Dai jina, dai imebebeshwa kwenye shina gani.

Kuvuna. Epo changa limejaa wanga, likiiva wanga unageuka sukari. Kata tunda katikati kwa mlalo, dondoshea iodini, penye wanga panakuwa bluu nyeusi. Pakiwa peusi pote bado, rudi wiki ijayo. Pakianza kuwa peupe kuanzia kwenye kokwa kwenda nje, unaweza kuanza kuchuma. Lile ulilopima usile, tupa. Hapa ndo tunamshinda mtu wa Afrika Kusini kwa haki kabisa, maana yeye inabidi achume mapema kidogo likiwa gumu ili livumilie safari na yale maghala ambayo oksijeni yake inashushwa mpaka asilimia 1 mpaka 3 ili tunda likae muda mrefu. Nisimsingizie, epo lake polifenoli zinadumu vizuri ghalani, si sumu wala si plastiki kama watu wanavyosema kwenye makundi ya WhatsApp. Vitamini C ndo inashuka, na harufu inapungua. Sisi tunaweza kuliacha mtini likamaliza, tukachuma Jumatatu likaliwa Makambako Jumanne. Kama tunalichuma bichi kwa kuogopa wezi na kuwahi bei, tumejinyang'anya wenyewe faida hiyo.

Na kwa sababu nasema kila siku watu wale na ganda, lazima niseme na hili bila kuficha. Dawa unayopuliza inakaa kwenye ganda. Kibandiko cha chupa kimeandika siku za kusubiri kabla ya kuvuna, 7, 14, 21, hiyo si mapambo. Mnunuzi akija ghafla na wewe umepuliza juzi, mwambie asubiri au aende kwa jirani. Watoto wa Njombe ndo walaji wa kwanza wa haya maepo, wanayala shambani bila kuosha.

Baada ya hapo watu waliuliza maswali, mengi yalikuwa ya miche na bei, ila kuna mama mmoja wa kikundi cha usindikaji aliuliza kitu cha maana, kwamba yale maepo madogo na yenye makovu ambayo mnunuzi anayakataa wanayakamua juisi, je lishe inabaki? Nikamwambia mama, inategemea mnachuja vipi. Ukikamua ukachuja mpaka iwe angavu kama chai ya rangi, umebaki na sukari na maji, polifenoli nyingi na nyuzinyuzi karibu zote zimebaki kwenye makapi mnayowapa nguruwe. Saga tunda zima na ganda, toa kokwa, acha iwe nzito, ichemsheni kidogo iue vijidudu na iwekeni kwenye chupa zilizochemshwa. Au kateni vipande vyembamba na ganda lake mkaushe kwenye kikaushio cha jua, vinakaa miezi. Akauliza, na yale yenye kovu la mvua ya mawe nayo? Nikasema hayo hayana neno, kata palipooza, palipo na kovu kavu hapana shida, tumieni.